Shangazi, niachane na wenzangu wa ughaibuni?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, kwetu Tanga, nasomea uuguzi Leipzig, Ujerumani. Niko mwaka wa kwanza kati ya mitatu. Kila Jumamosi Watanzania na Wakenya tunakutana kwa dada mmoja, tunapika pilau na kupiga soga mpaka usiku. Ndio ndugu zangu huku. Lakini Kijerumani changu hakisogei, wodini narudia neno mara tatu ndipo nieleweke. Mwezi uliopita nilikosa Jumamosi mbili nikisoma, nikasikia nasemwa kuwa najifanya Mzungu. Niachane nao?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kusemwa. Maneno ya watu wa kwenu huuma zaidi ukiwa mbali, kwa sababu huna wengine wa kukimbilia.

Usiwaache. Ukiugua, hao ndio watakaokuletea uji. Ukifiwa, ndio watakaokaa nawe matanga na kuchanga nauli. Lakini si lazima uwape kila Jumamosi.

Niliishi Muscat miaka mitatu, mume wangu akifanya kazi huko. Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar wanazungumza Kiswahili, basi nikastarehe nao, dukani Kiswahili, harusini Kiswahili. Jirani yangu mmoja hakukijua. Siku alipofiwa na mwanawe nilikwenda, nikakaa, nikamshika mkono. Kiarabu cha kumpa pole sikuwa nacho. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo maana barua yako nimeisoma mara mbili.

Lako lina uzito kuliko langu. Bibi wa miaka themanini akikwambia usiku kwamba kifua kinambana, inabidi umwelewe papo hapo.

Mwendee yule dada ana kwa ana, usiandike kwenye kundi la WhatsApp, maana huko kila mtu atalisoma atakavyo. Mwambie: "Dada, lugha inanishinda na kazi yangu inaitaka. Nitakuja Jumamosi moja kwa mwezi, na mchango wa msiba au mgonjwa sitaukosa." Kisha utimize, hasa hilo la michango. Anayekusema leo atanyamaza akikuona umefika kwenye shida yake.

Jumamosi zilizobaki usijifungie na kitabu. Wajerumani hawapigiani hodi ovyo kama sisi, usidhani wanakuchukia. Wengi hujuana kwenye vyama vyao, wanaviita Verein: vya kwaya, mpira, hata bustani. Ingia kimoja, ukajifunze maneno huku mikono ina kazi. Volkshochschule, shule za watu wazima za mji, zina masomo ya lugha ya bei nafuu.

Tena una bahati ya mji. Chuo Kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili, na wanafunzi wake wanahitaji mtu wa kuzungumza naye kama wewe unavyohitaji. Nenda idara yao ya masomo ya Afrika, uliza kama unaweza kubandika tangazo: nusu saa Kijerumani, nusu saa Kiswahili. Wenyewe wanaita tandem. Hapo hutakuwa mwombaji, utakuwa na cha kumpa mwenzio.

Mkishazoeana, muombe ruhusa yule dada umlete mwenzio huyo Jumamosi yako. Akae jikoni, aulize iliki ni nini na bizari ni nini, nawe umweleze kwa Kijerumani mbele ya wenzako.