Fundi, ninunue betri za kupoza maziwa ama kuna njia ingine?

SWALI: Fundi salamu. Niko huku Kiruhura, Uganda, kila jioni napokea maziwa kama lita 200, umeme ukienda usiku asubuhi nakuta yamechacha. Nataka sola lakini bei ya betri imenitisha. Nimeona Moroko wanaweka joto la jua kwenye chumvi, siwezi kufanya hivyo?

JIBU: Bwana, ya chumvi achana nayo. Kule Ouarzazate, Moroko, vioo vinapiga jua juu ya mnara, chumvi iliyoyeyuka inapashwa mpaka digrii 565 hivi, giza likiingia inachemsha maji na mvuke unazungusha tabaini, yaani mashine ya kufua umeme. Ule mtambo wa mnara peke yake ni megawati 150, na vioo vyenyewe vinataka jua tupu, hapa kwetu wingu likipita tu kazi imesimama.

Alafu wewe shida yako ni baridi, sasa umeme wa kuweka kwenye betri wa nini? Weka akiba ya barafu, igandishe mchana kwa sola. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya joto la kilojuli 334, maji baridi yakipanda digrii moja yanameza 4 na kidogo tu, ona tofauti. Lita zako 200 kutoka digrii 35 mpaka 4 zinataka karibu kilo 75 za barafu, lakini joto la nje nalo linaiba kwa hiyo piga hesabu ya 100. Kompresa ya kawaida, ile mota ya kugandisha kama ya friji, itakula kama yuniti 5 mchana kuzitengeneza, paneli za kilowati 2 zinatosha siku yenye jua. Kweli kutengeneza barafu kunakula umeme zaidi kuliko kupoza maziwa moja kwa moja, ila huo ni umeme wa jua la mchana ambalo lingepotea bure.

Barafu ishike kwenye koili tu, yaani bomba la kugandisha lililozama ndani ya tanki la maji, tanki lote lisigande likawa jiwe, maana maji ya baridi ndo yanazungushwa kupoza maziwa, bila maji yanayotembea utapoza pembeni tu katikati maziwa yabaki moto. Betri moja ndogo utahitaji bado, ya pampu na kikorogeo. Na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa sola uwe kama wa nyumbani, iwe kubwa kidogo, kompresa ikiwaka inavuta sana, hapo ndo wengi wanaunguza vitu.

Joto linalotoka nyuma ya kompresa pia usilimwage, lipitishe kwenye pipa la maji ya kuoshea mikebe.

Tanki la maziwa ulilonalo lina kuta mbili ama ni mikebe ya kawaida tu? Niambie hiyo kwanza, kabla hujalipa mtu.