Usyk na Fury kesho: kilo alizoongeza Fury hazitamsaidia, nami njia hiyo nimeshaipita

Wakuu, aliyeanzisha uzi ameuliza swali moja la msingi: leo, Desemba 20, 2024, Tyson Fury, bondia Mwingereza wa uzito wa juu, amepanda mizani na nguo zake ikasoma kilo 127 na nusu, wakati mwezi Mei, alipopoteza kwa Oleksandr Usyk wa Ukraine, alikuwa na 118 na ushei. Je, kilo hizo ndizo zitakazomlipia kisasi kesho kwenye marudiano ya Riyadh? Wengi hapo juu wamejibu ndiyo. Wengine wametazama zile dakika zaidi ya 11 walizosimama jana wakikodoleana macho, wakasema Fury safari hii hana utani, kwa hiyo Usyk amekwisha.

Mimi nasema Usyk anashinda kwa pointi, na safari hii haitakuwa majaji wawili kwa mmoja kama Mei. Wote watatu watampa. Nivumilieni nieleze kwa kirefu, maana jambo hili lilinipata mwilini kabla sijalisoma popote.

Mwaka 2006 nilikuwa napiga ngumi za ridhaa hapa Dar, uzito wa kilo 81 hadi 91. Nikapangiwa jamaa mmoja mashoto kama Usyk, mwembamba, anatembea sana ulingoni. Mimi nilikuwa na kilo 84. Raundi nne za dakika mbili mbili, akanishinda kwa pointi chache. Ukumbi ulijaa watu wa mtaani kwetu, wakanitoa nje wakiimba nimeibiwa. Nikawaamini. Kwa miezi minne sikutafuta kosa langu hata siku moja, kwa sababu niliona mwenye kosa ni majaji.

Marudiano yalipopangwa, wazo langu lilikuwa lile lile la Fury: nikiingia mzito zaidi nitamkandamiza kwenye kamba mpaka achoke. Nikaanza kula. Uji wa karanga asubuhi, ugali na maharage mchana, wali usiku, ndizi katikati. Jioni nikaacha kukimbia, nikawa nanyanyua vyuma vile vya makopo ya zege. Nikafika kilo 90. Nikipiga begi mnyororo unalia mpaka watoto wanakuja kuchungulia dirishani.

Kocha wangu, mzee wa maneno machache, siku moja alichukua chaki akachora nyayo mbili sakafuni. Moja ni mguu wangu wa mbele, wa kushoto, nyingine ni mguu wa mbele wa yule mashoto, wa kulia. Akasema: wa kwake ukikaa nje ya wa kwako, ngumi yake ya kushoto ina barabara iliyonyooka mpaka kidevuni kwako, na ya kwako ya kulia lazima izunguke kwanza. Akataka kila jioni nifanye zoezi la mguu huo tu, bila kurusha ngumi hata moja. Nilifanya siku mbili, nikarudi kwenye vyuma.

Siku ya pambano, raundi ya kwanza nilimsukuma kweli, ukumbi mzima ukasimama. Raundi ya pili mapaja yakaanza kuwa mazito. Ninachokikumbuka mpaka leo ni kiatu chake, cha kijivu chenye kamba nyeupe. Kila nikitazama chini kiko nje ya changu, hatua moja tu. Narusha kulia, hayupo. Kabla sijarudisha mguu nimeshapigwa kushoto mbili. Nikimfukuza ninachoka mimi, nikisimama anakuja yeye. Zile kilo sita nilizibeba mwenyewe raundi zote nne, yeye hazikumgusa. Mara ya kwanza nilipoteza kwa pointi chache, mara ya pili zilikuwa nyingi, na hakuna aliyeimba.

Sasa turudi Riyadh. Pambano la Mei 18 nimelitazama mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimezima sauti, na daftari mkononi. Kuzima sauti nawashauri wote, maana watangazaji wanakupeleka wanakotaka wao. Kwenye daftari langu Usyk alishinda 115 kwa 112. Raundi za mwanzo Fury alipoteza muda kwa madoido kwenye kona. Kuanzia ya nne mpaka ya saba alikuwa Fury bora kabisa, zile ngumi za kutoka chini kwenda tumboni zilimuumiza Usyk, hilo halina ubishi. Halafu ikaja ya nane, mguu wa kulia wa Usyk ukapata sehemu yake nje, na ya tisa mkono wa kushoto ukapita kwenye ile barabara ya chaki. Fury akayumba kutoka kamba hii mpaka kamba ile, refa Mark Nelson akamhesabia kama aliyeanguka, kengele ikamwokoa.

Kuna mdau hapo juu anasema bila hesabu ile ya refa Usyk asingeshinda. Kihesabu yuko sahihi kabisa. Jaji mmoja alimpa Usyk 115 kwa 112, mwingine 114 kwa 113, wa tatu akampa Fury 114 kwa 113. Ondoa ile pointi moja ya kuhesabiwa, yule wa pili anakuwa na 114 kwa 114, na pambano zima linakuwa sare. Lakini refa hakuitoa mfukoni ile hesabu. Bondia akizuiwa na kamba asianguke, sheria inasema amekwenda chini, na Fury bila kamba zile angekuwa ameketi kwenye viti vya waandishi. Kuibiwa kweli kupo: Machi 1999 Lennox Lewis wa Uingereza alimcharaza Evander Holyfield New York wakatoa sare ambayo dunia nzima iliikataa, na Novemba mwaka huo huo wakarudiana Las Vegas, Lewis akapewa haki yake na mikanda yote mikubwa ya wakati ule. Baada ya Lewis hakukuwa na bingwa mwingine asiye na mpinzani wa uzito wa juu, yaani mwenye mikanda yote mikubwa, mpaka Usyk alipomshinda Fury Mei 2024. Kulinganisha kilichompata Lewis na hiki cha Fury si sawa. Fury mwenyewe alisema palepale ulingoni kwamba watu wanamhurumia Usyk kwa sababu nchi yake iko vitani. Niliposikia maneno yale nilijua hatalitafuta kosa lake, maana na mimi nilianza hivyo hivyo.

Hoja nzito kuliko zote ya upande wa Fury ni Deontay Wilder, bondia wa Marekani, na lazima ijibiwe. Desemba 2018 Fury alitoka sare na Wilder akiwa na kilo 116 hivi. Februari 2020 akarudi na 124, akiwa na kocha SugarHill Steward kwenye kona, akampiga Wilder mpaka kona ya Wilder ikarusha taulo kukubali kushindwa raundi ya saba. Kwa hiyo watu wanasema: si ndiyo hiyo? Aliongeza uzito akashinda.

Tazameni Wilder anavyosimama. Anarudi nyuma kwa mstari ulionyooka, miguu myembamba, silaha yake kubwa ni mkono mmoja wa kulia. Mtu wa namna hiyo ukimfuata kwa kishindo unampata kila mara, kwa sababu unajua ataelekea wapi. Ukimkumbatia na kilo 124 ukamlalia shingoni, raundi mbili tu miguu imekufa. Uzito ulifanya kazi kwa sababu ulipata mtu wa kuulalia. Usyk humlalii. Anaingia kwa pembeni, anapiga, anatoka kwa upande mwingine, na hafanyi hivyo raundi moja moja, anafanya zote 12. Huyu ni bingwa wa Olimpiki ya London 2012 aliyekusanya mikanda yote ya uzito wa chini yake mwaka 2018 kabla hajapanda huku. Amezoea kupigana na watu wanaomzidi mwili. Fury ana mita 2.06, Usyk 1.91, na tofauti hiyo ilikuwepo Mei pia.

Kama mnataka mfano wa marudiano na mizani, chukueni mabondia Anthony Joshua na Andy Ruiz. Juni 2019 Ruiz alimwangusha Joshua mara nne New York na kumaliza kazi raundi ya saba. Desemba wakarudiana Saudi Arabia. Ruiz akapanda kutoka kilo 121 hivi mpaka 128. Joshua akashuka kutoka 112 mpaka 107, akajifunza kupiga jabu, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, na kuondoka, akapiga jabu na kuondoka usiku mzima. Akashinda kirahisi, jaji mmoja akampa 119 kwa 109.

Mimi nikitabiri marudiano, naanza na swali moja: huyu aliyepoteza alipoteza kwa kosa linalorekebishika, au kwa sababu mwenzake ni jibu la mtindo wake? Joe Louis mwaka 1936 alipigwa na Max Schmeling raundi ya 12 kwa sababu alikuwa akirudisha jabu anashusha mkono wa kushoto, na Mjerumani yule aliliona. Hilo ni kosa la kufundishika. Juni 1938 wakarudiana na Schmeling hakumaliza hata raundi moja, sekunde 124 tu. Lewis naye mwaka 2001 alikwenda kupigana na Hasim Rahman mjini Brakpan, Afrika Kusini, kule juu kwenye hewa nyepesi, akiwa amechelewa kufika na mwili haujakaa sawa. Akalala raundi ya tano. Miezi saba baadaye akarudi amejifua, akamlaza Rahman raundi ya nne. Haya yanarekebishika. Lakini Floyd Patterson alipigwa na Sonny Liston mwaka 1962 kwa dakika mbili na sekunde sita, mwaka uliofuata wakarudiana, akapigwa kwa dakika mbili na sekunde kumi. Mazoezi ya mwaka mzima yalimpa sekunde nne.

Fury hayuko kwa Patterson, sitamkosea heshima kiasi hicho. Yuko katikati. Madoido anaweza kuyaacha, na sura yake ya wiki hii inaonyesha ameyaacha. Miguu je? Ana miaka 36. Oktoba 2023 Francis Ngannou, mtu wa Cameroon aliyekuja kupigana ngumi za kulipwa kwa mara ya kwanza maishani, alimwangusha raundi ya tatu. Miguu ile ya Düsseldorf 2015, alipomsumbua Wladimir Klitschko mpaka Klitschko akasahau kurusha ngumi, siioni tena. Na ndiyo miguu ambayo ingempa shida Usyk, siyo tumbo.

Upande wa pili nao wanausahau: aliyeshinda naye hujifunza. Agosti 2022 Joshua alirudiana na Usyk Jeddah, akaja na mpango mzuri kabisa wa kupiga mwili, na raundi ya tisa Usyk aliyumba. Raundi ya kumi Usyk alitoka kwenye kiti akapiga kama mtu aliyetukanwa, akachukua pambano. Bondia wa namna hiyo, aliyekwisha kukaa na wewe raundi 12 na kukusoma, marudiano yanamfaa yeye kuliko wewe.

Kuhusu tambo nitasema kidogo. Marudiano haya yalikuwa kwenye mkataba kabla hata ya ngumi ya kwanza ya Mei. Kwa hiyo habari ya kisasi na haki iliyopotea imeongezwa baadaye ili tukeshe. Kesho mikanda ni mitatu, wa nne, wa shirikisho la IBF, Usyk aliuachia na mwaka huu wa 2024 umekwenda kwa Daniel Dubois, aliyemlaza Joshua Septemba pale Wembley. Kukodoleana macho sijawahi kuona kukihesabiwa na jaji yeyote. Nikiwa mashindanoni nilimkodolea yule mashoto mpaka refa akatutenganisha, na nilijiona nimemaliza kazi.

Fury akishinda itakuwa hivi: autumie uzito huo mapema, raundi mbili tatu za kwanza, apige tumboni kila Usyk anapoingia, amkumbatie kila anapokaribia, asimpe mtu mwepesi nafasi ya kupata mdundo. Ikifika raundi ya sita Usyk amepunguza kutembea, nitabadilisha mawazo nikiwa nimekaa palepale kwenye kiti. Naona nafasi hiyo ni ndogo. Kilo 127 kwenye raundi ya tisa ni mzigo, na Fury raundi ya tisa ndipo alipozamia mara ya kwanza akiwa mwepesi kuliko leo.

Saa ya Riyadh ni saa yetu, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kulala, ingawa wataingia ulingoni usiku wa manane. Mtakaotazama, raundi mbili za kwanza msiangalie mikono. Angalieni chini: mguu wa kushoto wa Fury na mguu wa kulia wa Usyk. Wa Usyk ukikaa nje mpaka kengele ya raundi ya pili, mtajua kuanzia hapo usiku unaelekea wapi.