Heli huchujwa, hutengwa au hutenganishwa?

Swali: Katika makala ninayoandika kuhusu gesi ya heli nilitunga sentensi hii: "Heli huchujwa kwa kiwambo, kisha hutakaswa." Mhariri ameigeuza ikasomeka: "Heli hutenganishwa kwa utando, kisha husafishwa." Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Mhariri wako amekaribia zaidi, ingawa kitenzi chake cha kwanza nacho kina kasoro.

Kinachochujwa ni mchanganyiko. Tukisema tunachuja maji, maana yake maji yana uchafu tunaotaka ubaki kwenye chujio. Kwa hiyo "heli huchujwa" humfanya msomaji adhani kwamba heli ilikuwa chafu, ilhali kinachopitishwa ni gesi asilia yenye heli kidogo ndani yake. Isitoshe, kuchuja hutuletea picha ya matundu, na utando wa polima (dutu kama plastiki, yenye molekuli ndefu kama minyororo) unaotumika mara nyingi katika kazi hii hauna matundu ya kudumu: gesi huyeyuka katika polima yenyewe upande wenye shinikizo kubwa, husambaa taratibu kati ya minyororo ya molekuli zake, kisha hutokea upande wenye shinikizo dogo. Heli huyeyuka humo kwa shida, lakini husambaa upesi mno kwa kuwa atomu yake ina kipenyo cha takriban nanomita 0.26, dhidi ya 0.36 ya molekuli ya nitrojeni na 0.38 ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia. Ziko tando nyingine, kama za zeolaiti (aina ya madini), zenye vinyweleo halisi vinavyobagua kwa ukubwa. Kwa hizo ningeruhusu hata kuchekecha.

"Kutenga" ni kukiweka kitu kimoja kando, na "kutenganisha" ni kuviachanisha viwili au zaidi. Basi heli hutengwa, au heli na methani hutenganishwa. "Heli hutenganishwa" bila kutaja inatenganishwa na nini ni sentensi iliyokatwa mkia.

Kuhusu kiwambo, neno hili limetokana na kuwamba, yaani kutandaza ngozi na kuikaza juu ya fremu kama ya ngoma. Si kosa, na wanabiolojia wanalo katika kiwamboute, yaani utando wa mwilini unaotoa ute. Hata hivyo, viwandani polima hiyo aghalabu hutengenezwa kuwa nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati, zikafungwa maelfu kwa maelfu ndani ya silinda, na hapo hakuna kilichowambwa. Utando hutaja wembamba tu, na wembamba ndio hasa unaohitajika. Wingi wake ni tando.

"Kutakasa" kumeelemea mno kwenye moyo na nafsi. Tuna viwanda vya kusafisha mafuta, hivyo kusafisha gesi hakumshangazi yeyote. Usiseme tu kwamba heli "hupenyeza" utando: heli hupenya, na shinikizo ndilo linaloipenyeza. (Na uandike heli kwa l, nimeona "gesi ya heri" zaidi ya mara moja.)

Kwa kuwa gesi inayopenya mara ya kwanza bado huwa na methani na nitrojeni, ningeiandika sentensi yako hivi: "Heli hutengwa na gesi asilia kwa kupenyezwa kwenye utando, kisha hushindiliwa tena na kupitishwa kwenye utando wa pili ili isafike zaidi."