Mashine ya macOS ya kuunda mwenyewe: ninayowaambia wanaoanza hapa Tabora

Mashine ya namna hii, yaani kompyuta isiyo ya Apple unayoisimikia macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, hufaulu au hufeli siku unayonunua vifaa, kabla hata hujagusa flashi. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia vijana wanaokuja kujifunza kwangu, na ndilo linalowauma zaidi, maana wengi huja wakiwa wameshalipa. Mtu anakuja na kadi ya picha ya NVIDIA, RTX safi kabisa, imetoka Kariakoo kwa basi, anataka ibebe macOS ya sasa. Haibebi. Hakuna faili iliyofichwa mahali ambayo fundi mjanja ataipata. Kadi za GTX 900 na GTX 1000 mwisho wake ni High Sierra, toleo la 2017. Zile za zamani zaidi za kizazi cha Kepler zilifika Big Sur zikaishia hapo. RTX hazikuwahi kupata draiva za macOS hata siku moja.

Kwa hiyo mdogo wangu, nunua AMD, na uinunue kwa jina lake kamili. RX 570, RX 580, RX 5500 XT, RX 5700 XT na RX 6600 zinaingia. RX 6700 XT haimo, ingawa jina lake linafanana na za jirani, na RX 7000 zote hazimo. RX 580 za mtumba ndizo zinazopatikana kwa urahisi, lakini nyingi zimetumika kuchimba sarafu za mtandaoni na bayosi ya kadi imebadilishwa na mwenye nayo wa kwanza. Nyingine zimeandikwa RX 580 kumbe ni 2048SP, yaani ndani ni RX 570. Usibishane na muuzaji. Mwombe aiweke kwenye kompyuta yake, afungue programu ya GPU-Z, usome namba ya kifaa. Ikiwa 67DF, macOS inaitambua yenyewe. Ikiwa 6FDF, itafanya kazi, ila itabidi uidanganye macOS kwa kuandika namba ile nyingine kwenye config.plist, faili la mipangilio ya OpenCore, programu inayowasha macOS kwenye mashine za namna hii. Kama unanunua kwa simu kutoka Dar, omba picha ya skrini hiyo kabla hujatuma pesa. Muuzaji anayekataa kuipiga amekusaidia kuamua.

Upande wa prosesa, Intel ya kizazi cha 8, 9 au 10 ndiyo njia nyepesi kwa anayeanza. Picha za ndani za UHD 630 zinatambulika, kwa hiyo hata bila kadi unaweza kusimika na kujifunza. Kuanzia kizazi cha 11 picha za ndani hazitambuliki tena, na lazima uwe na kadi ya AMD. Ndiyo maana napenda sana zile mashine za ofisini za mtumba, OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre zenye i5-8500. Ni imara na mazabodi zake zinajulikana. Tatizo lake ni pawa saplai. Nyingi zina umbo lake maalumu, wati ni chache, na hazina waya wa kupeleka umeme kwenye kadi kubwa. RX 580 peke yake inakula hadi wati 185. Ukiilazimisha kwa waya za kuunganisha-unganisha, utachoma kitu. Kwenye kasha dogo tumia picha za ndani, au RX 560 isiyohitaji waya wa ziada.

Ukishakusanya vifaa, simika kwanza Windows au Linux. Najua unatamani kuona ile tofaa ya Apple ikiwaka, lakini vumilia. Ipe mashine kazi nzito kwa saa kadhaa, kagua ram kwa MemTest86, angalia joto. Mashine inayojizima yenyewe ikiwa na Windows itajizima pia ikiwa na macOS, ila huko utaanza kuilaumu kexti (draiva ya macOS) isiyo na kosa. Na hapa kwetu umeme ni jambo la kwanza kushukiwa. Kuna UPS za bei nafuu ambazo mawimbi yake hayako laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazizikubali: umeme ukikatika, UPS inapokea, mashine inazima papo hapo kana kwamba UPS haipo. Chomoa UPS ukutani makusudi mashine ikiwa inafanya kazi nzito, uone. Afadhali ulijue hilo kwenye meza yako kuliko mteja alijue akiwa katikati ya kuhariri harusi ya watu. Kiangazi ongeza vumbi kwenye orodha ya washukiwa. Hapa Tabora kufika Septemba kasha lililokaa dukani linalotazama barabara ya mchanga huwa limevaa blanketi.

Sasa flashi. Njia inayofundishwa zaidi ni kupakua kipande kidogo cha kuanzia, kisha usimikaji wenyewe unavuta mfumo mzima kutoka kwa Apple, zaidi ya GB 12. Kama intaneti yako ni bando la simu, hesabu kabla. Usimikaji ukikwama nusu, unaanza upya na bando limekwenda. Mimi nashauri kutengeneza flashi yenye mfumo kamili, ya GB 32, uihifadhi. Inakutumikia kwa kila mashine ya toleo lilelile. Na kwa intaneti tumia waya. Chipu nyingi za Realtek na Intel za waya zina kexti zake, RealtekRTL8111 na IntelMausi, na hazisumbui. Waifai iache mwishoni.

Kwenye bayosi, yaani mipangilio ya mazabodi, zima Secure Boot, Fast Boot na CSM. SATA iwe AHCI. CFG Lock izime kama mazabodi yako inaruhusu, na kama hairuhusu kuna sehemu yake kwenye config.plist. Hapa sikai sana, kwa sababu mwongozo wa OpenCore wa Dortania, ulio mtandaoni, unaeleza kila kizazi cha prosesa kivyake, na ni lazima uusome mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa kizazi chako. Kiingereza chake si kigumu. Kaa na rafiki msome pamoja.

Nitakaa kwenye jambo moja: kusoma skrini. Ukiweka -v kwenye boot-args, sehemu ya amri za kuwashia ndani ya config.plist, badala ya tofaa utaona maandishi meupe yakikimbia. Wanaoanza huyaogopa, wengine huyaondoa haraka kwa sababu yanaonekana kama kosa. Hayo ndiyo macho yako. Kijana mmoja wa Isevya aliniletea mashine ya kizazi cha 8 akasema, “Kaka, inaganda tu, nimebadilisha kexti zote.” Nikamwuliza inaganda kwenye mstari gani. Hakuwa ameusoma. Tukawasha pamoja, ikasimama kwenye PCI Configuration Begin. Mstari huo kwa mazabodi za wakati ule mara nyingi humaanisha saa ya mfumo: mazabodi inatumia aina ya saa inayoitwa AWAC, na macOS inaitaka ile ya zamani, RTC. Dawa yake ni faili ndogo ya SSDT-AWAC kwenye folda ya ACPI ya OpenCore, na iandikwe pia kwenye config.plist. Faili alikuwa nayo. Kwenye config.plist haikuwepo. Kexti hazikuhusika hata kidogo.

Kwa hiyo piga picha skrini ilipoganda, soma mstari wa mwisho na michache iliyo juu yake, kisha badilisha kitu kimoja tu, washa tena. Ukibadilisha vitu vitano na ikawaka, hujui kilichoponya; isipowaka, hujui kama umeongeza ugonjwa mwingine. Weka daftari. Ikisimama EXITBS:START, rudi kwenye sehemu za Booter na Kernel za config.plist, na kwenye bayosi. Ikisema Still waiting for root device, flashi imepotea njiani: ichomeke tundu lingine, la USB 2.0 kama lipo. Skrini ikiwa nyeusi kwa RX 5000 au 6000 wakati mashine inaendelea kufanya kazi, ongeza agdpmod=pikera kwenye boot-args. Umesasisha OpenCore na imegoma mara moja? Pitisha config.plist kwenye ocvalidate, programu ya kuikagua. Mara nyingi config ni ya toleo la zamani.

USB ina somo lake. macOS inakubali milango 15 tu kwa kila kidhibiti, na tundu moja la USB 3 linahesabiwa kama milango miwili, mmoja wa kasi ya zamani na mmoja wa mpya. Mazabodi ya kawaida inavuka kikomo hicho bila wewe kujua, ndipo unaona kibodi inashika huku na kugoma kule, au mashine inakataa kulala. Kuanzia toleo la 11.3 ule ujanja wa kuondoa kikomo uliacha kufanya kazi. Tumia USBToolBox ukiwa bado kwenye Windows: chomeka flashi ya 2.0 kisha ya 3.0 kwenye kila tundu, chagua unayoyahitaji, itakutengenezea kexti. Ni kazi ya kuchosha kidogo na wengi huikwepa. Usiikwepe.

Usichukue folda ya EFI, ile yenye OpenCore, config.plist na kexti, ya mtu mwingine ukaiweka kama ilivyo. Imeandaliwa kwa mazabodi nyingine, na ina namba ya mashine ya mwenzako. Watu wawili wakitumia namba moja, Apple ID zenu zitapata matatizo. Tengeneza namba yako kwa programu ya GenSMBIOS, na kama modeli ya Mac chagua iMac19,1 kwa kizazi cha 8 na 9, iMac20,1 kwa cha 10.

Na mteja umwambie ukweli. Leseni ya Apple inaruhusu macOS kwenye kompyuta za Apple peke yake. Kampuni ya Psystar ya Marekani iliuza mashine za hivi, ikashtakiwa 2008 na kushindwa mahakamani 2009. Hii ni kazi ya kujifunza na ya matumizi yako mwenyewe. Usiweke bango la kuuza Mac. Mwambie pia kwamba macOS 26, Tahoe, ndilo toleo la mwisho kwa prosesa za Intel. Studio inayoishi kwa Final Cut, programu ya Apple ya kuhariri video, kila siku ianze kuweka akiba ya Mac mini, hata ya M1 ya mtumba.

Wewe uliyeshasimika, zima usasishaji wa moja kwa moja usiku huohuo. Nakili folda ya EFI inayofanya kazi kwenye flashi ya FAT32, andika tarehe juu yake kwa kalamu, ukaiweke mahali ambapo watoto hawaitumii kubebea nyimbo.