Maswali ya Wasomaji: Je, Jeshi la Marekani Linaweza Kumzuia Raia Bila Kikomo?

Katika toleo hili tumekusanya barua nne zinazohusu jambo moja, yaani mamlaka ya jeshi la Marekani kumshikilia mtu bila kumfikisha mahakamani. Tumezijibu kwa mfululizo kwa kuwa jibu la barua moja linategemea lililotangulia.

SWALI: Ndugu Mhariri, kijana wangu anasomea sheria, na tumebishana hadi usiku. Yeye anasema kwamba sheria iliyotiwa saini na Rais Obama inaliruhusu jeshi kumkamata raia wa Marekani na kumweka kizuizini bila kesi mpaka vita viishe. Mimi nasema haiwezekani katika nchi yenye katiba kama ile. Nani yuko sahihi?
*Mzazi, Dar es Salaam*

JIBU: Kijana wako yuko karibu zaidi na ukweli, mzee wangu, ingawa sheria yenyewe haisemi hivyo waziwazi, na ugomvi wote umetokana na jinsi ilivyokwepa kusema.

Mnayobishania ni Sheria ya Kuidhinisha Matumizi ya Ulinzi wa Taifa kwa mwaka wa fedha 2012, ambayo Rais Barack Obama aliitia saini tarehe 31 Disemba 2011. Sheria ya namna hii hupitishwa kila mwaka, ikiwa na mamia ya kurasa kuhusu mishahara ya askari, ununuzi wa silaha na ujenzi wa kambi, na kama si kifungu cha 1021 wananchi wa kawaida wasingeisikia. Kifungu hicho kinathibitisha kwamba jeshi lina mamlaka ya kumshikilia mtu yeyote aliyekuwa sehemu ya al-Qaeda, Taliban au makundi yanayoshirikiana nayo katika kupigana na Marekani na washirika wake, au aliyeyaunga mkono kwa kiasi kikubwa. Mtu huyo anaweza kushikiliwa bila kesi mpaka utakapomalizika uhasama ambao Bunge liliuidhinisha kwa azimio lake la Septemba 2001. Azimio hilo halikutaja tarehe ya mwisho wala halikutaja nchi.

Sasa mwambie kijana akusomee kifungu kidogo cha (e). Kinasema kwamba hakuna lolote katika kifungu hicho litakalotafsiriwa kuwa linabadili sheria au mamlaka yaliyopo kuhusu kuzuiwa kwa raia wa Marekani, wakaazi halali wa nchi hiyo, au mtu mwingine yeyote aliyekamatwa ndani ya mipaka yake. Ukikisoma haraka unadhani umeona kinga ya raia. Ukikirudia unagundua kwamba hakikatazi raia kuzuiwa, bali kinaagiza tu kwamba suala lake libaki pale lilipokuwa, na huko lilipokuwa hapakuwa na mwafaka wowote.

Waliokipitisha walilifahamu hilo. Seneta Lindsey Graham wa South Carolina alishikilia kwamba uwanja wa vita unafika hadi ndani ya Marekani yenyewe na kwamba raia anayejiunga na adui hana kinga ya pekee, ilhali Seneta Dianne Feinstein wa California alishikilia kwamba raia aliyekamatwa nchini mwake lazima apelekwe mbele ya mahakama ya kiraia. Waliposhindwa kukubaliana, waliafikiana kuandika maneno ambayo kila upande ungeweza kuyasoma kwa namna yake, na marekebisho hayo yakapita kwa kura 99 dhidi ya 1. Naye Rais Obama, wakati wa kutia saini, alitoa tamko kwamba serikali yake haitaidhinisha kuzuiwa na jeshi bila kikomo na bila kesi kwa raia wa Marekani. Tamko hilo halimfungi rais anayefuata, na sidhani kama kuna mwanasheria aliyewahi kudai kwamba linamfunga.

Hata hivyo una hoja nawe. Ipo sheria ya mwaka 1971 inayosema kwamba hakuna raia atakayefungwa au kuzuiwa na serikali ya Marekani isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ilitungwa kwa sababu taifa lile lilikuwa bado linakumbuka mwaka 1942, pale amri ya Rais Franklin Roosevelt ilipowaondoa makwao watu wapatao 120,000 wa asili ya Japani, takriban theluthi mbili yao wakiwa raia wa Marekani, na kuwaweka kambini nyuma ya seng'enge. Mahakama ya Juu iliibariki hatua ya kuwaondoa mwaka 1944, na ni mwaka 2018 tu ilipotamka kwamba hukumu hiyo haikuwa sahihi tangu siku ilipotolewa. Kwa hiyo swali zima ni hili: je, azimio la 2001, ambalo halitaji neno lolote kuhusu kuzuia watu, ndiyo ile sheria ya Bunge inayotakiwa na sheria ya 1971?

SWALI: Je, kuna raia yeyote aliyewahi kuzuiwa hivyo kweli, au hizi ni hofu za wanaharakati tu?
*Msomaji wenu wa siku nyingi, Mombasa*

JIBU: Wapo, na visa vyao vinaeleza zaidi kuliko maandishi ya sheria.

Wa kwanza ni Yaser Hamdi, aliyezaliwa Baton Rouge, Louisiana, akakulia Saudi Arabia, na kukamatwa Afghanistan mwishoni mwa 2001. Alipelekwa Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani lililoko Kuba, na ilipogundulika kwamba ni mzaliwa wa Marekani akahamishiwa katika mahabusu za jeshi la majini ndani ya nchi. Mwezi Juni 2004 Mahakama ya Juu iliamua kesi yake, na Jaji Sandra Day O'Connor akaandika kwamba hali ya vita si hundi iliyoachwa wazi kwa rais inapohusu haki za raia wa taifa hilo. Sentensi hiyo hunukuliwa kila mahali, lakini wanaoinukuu husahau nusu ya pili ya uamuzi: kwamba azimio la 2001 linatosha kuwa idhini ya kumshikilia raia aliyekamatwa akiwa na silaha katika uwanja wa vita Afghanistan, ili mradi apewe nafasi ya haki ya kupinga madai hayo mbele ya mwamuzi asiyeegemea upande. Jaji Antonin Scalia, ambaye wengi humtaja kama mhafidhina wa wahafidhina, alipinga kwa ukali zaidi kuliko wenzake. Kwa maoni yake serikali ilikuwa na njia mbili tu juu ya raia: kumshtaki, kwa mfano kwa kosa la uhaini, au Bunge kusimamisha rasmi haki ya habeas corpus, yaani haki ya mtu aliyeshikiliwa kumtaka jaji achunguze uhalali wa kushikiliwa kwake. Katiba inaruhusu haki hiyo isimamishwe wakati wa uasi au uvamizi peke yake.

Je, Hamdi alipewa hiyo nafasi ya kujitetea? Hapana. Miezi michache baadaye alirejeshwa Saudi Arabia kwa masharti, mojawapo likiwa kuukana uraia wake.

Kisa cha Jose Padilla kinatisha zaidi, maana hakukamatwa vitani bali katika uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, tarehe 8 Mei 2002, akiwa amevaa nguo za kiraia na hana silaha. Mwezi mmoja baadaye Rais George W. Bush alimtangaza kuwa mpiganaji adui, akatolewa mikononi mwa mahakama na kupelekwa katika mahabusu ya jeshi la majini karibu na Charleston. Kwa karibu miaka miwili hakuruhusiwa kuonana na wakili. Picha zilizotolewa baadaye zinamwonyesha akitolewa chumbani kwenda kwa daktari wa meno huku askari wakimvalisha miwani iliyozibwa isipitishe mwanga na vizibo vya kumzuia kusikia, miguu na mikono ikiwa na pingu. Serikali ilikuwa imetangaza hadharani kwamba alipanga kulipua bomu lenye mionzi, lakini aliposhtakiwa hatimaye Novemba 2005 tuhuma hiyo haikuwamo kabisa katika hati ya mashtaka. Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama huko Miami lilimtia hatiani kwa makosa mengine ya kula njama na kuwasaidia magaidi.

Angalia wakati aliposhtakiwa. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeipa serikali ushindi mwezi Septemba 2005, na mawakili wa Padilla walikuwa wamekwisha kuiomba Mahakama ya Juu iingilie. Serikali ikafungua mashtaka, akahamishiwa gereza la kiraia, na Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa. Mwaka 2017 mambo yakajirudia: raia wa Marekani mwenye pia uraia wa Saudi Arabia alikamatwa Syria, akashikiliwa na jeshi la Marekani nchini Iraki kwa zaidi ya mwaka mmoja bila mashtaka, na wakati mahakama za Washington zikiendelea na shauri lake akaachiwa huru nchini Bahrain. Kila mara swali linapokaribia kujibiwa, mwenye swali huondolewa mbele ya majaji. Mimi hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kifungu cha 1021, kwa sababu sheria mbaya inaweza kufutwa, lakini mamlaka ambayo kila mara yanatumika kisha yanakwepa hukumu hayana mahali pa kushikwa.

Mwandishi Chris Hedges na wenzake walijaribu kukishika kifungu chenyewe mapema mwaka 2012. Walidai kwamba kazi yao ya kuhojiana na makundi yenye silaha inaweza kuhesabiwa kuwa ni kuyaunga mkono. Jaji Katherine Forrest wa New York aliwauliza mawakili wa serikali kama wanaweza kuwahakikishia wadai kwamba hawatazuiwa kwa kazi hiyo, nao wakashindwa kutoa uhakika huo. Jaji akakizuia kifungu kabisa mwezi Septemba. Mwezi Julai 2013 Mahakama ya Rufaa ilitengua amri yake bila kugusa kama kifungu ni halali au la: raia wa Marekani, ilisema, hawana sababu ya kushtaki kwa kuwa kifungu hakisemi lolote juu yao. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza.

SWALI: Mimi ni Mkenya ninayeishi Ohio kwa kibali cha ukaazi wa kudumu. Kama raia wenyewe hawana uhakika, sisi wageni tuko wapi?
*M.S., Columbus*

JIBU: Kifungu kidogo cha (e) kinakutaja sambamba na raia, kwa hiyo utata wao ni utata wako pia. Aidha, sheria kama hiyo ya mwaka uliofuata ilitamka kwamba azimio la 2001 na sheria ya 2012 hazimnyimi mtu yeyote aliye ndani ya Marekani haki ya habeas corpus anayostahili.

Kisa kinachokuhusu ni cha Ali al-Marri, raia wa Qatar aliyeingia Marekani kihalali siku moja kabla ya mashambulizi ya Septemba 2001 ili asome Peoria, Illinois. Alikuwa akisubiri kesi ya kawaida alipotangazwa kuwa mpiganaji adui mwezi Juni 2003, akakaa mikononi mwa jeshi karibu miaka sita. Mahakama ya Juu ilipokubali kumsikiliza, serikali mpya ya Obama ikamfungulia mashtaka mwaka 2009, akakiri kosa, na swali likabaki bila jibu kama lilivyobaki kwa Padilla.

Usichanganye hayo na kuzuiwa na idara za uhamiaji, jambo ambalo kwa mkaazi wa kawaida ni hatari ya karibu zaidi na lina sheria zake. Hata wahamiaji waliopelekwa Guantánamo mwaka 2025 walishikiliwa kwa sheria za uhamiaji, si kwa azimio la 2001. Kwa hilo tafuta wakili wa uhamiaji.

SWALI: Mnawatetea watu waliotuulia ndugu zetu Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1998. Magaidi wana haki gani?
*Msomaji mwenye hasira, Temeke*

JIBU: Hasira yako ni halali, ndugu yangu. Tarehe 7 Agosti 1998 walikufa watu 224, walio wengi wakiwa Wakenya na Watanzania waliokuwa kazini au wakipita njia. Lakini tazama waliokamatwa walitendewa nini. Wanne walishtakiwa katika mahakama ya kiraia ya New York, wakiwa na mawakili na baraza la wazee wa mahakama, na mwezi Oktoba 2001 wote wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha. Mmoja wao, Wadih el-Hage, alikuwa raia wa Marekani. Hapakuhitajika jeshi.

Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani alipitishwa njia nyingine. Baada ya kukamatwa Pakistani mwaka 2004 aliwekwa katika magereza ya siri ya shirika la ujasusi, kisha Guantánamo, na kufikishwa New York mwaka 2009 tu. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa serikali, mtu aliyedaiwa kumuuzia baruti, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumlazimisha mtuhumiwa kusema. Mwezi Novemba 2010 Ghailani alionekana hana hatia katika mashtaka zaidi ya 280 na kutiwa hatiani kwa moja, lililompa kifungo cha maisha. Wanasiasa wakalitumia hilo kudai kwamba mahakama za kiraia ni dhaifu, na Bunge likapiga marufuku fedha za kuwahamishia wafungwa wa Guantánamo Marekani kwa ajili ya kesi. Kilichoidhoofisha kesi ile ni namna alivyoshikiliwa kabla ya kufika mbele ya jaji.

Na kuna Mkenya aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007, akakabidhiwa kwa Wamarekani na kupelekwa Guantánamo kwa tuhuma za kuhusika na mashambulizi ya Kikambala ya mwaka 2002. Alirejeshwa Kenya Disemba 2024 bila kufunguliwa shtaka hata moja. Kama alikuwa na hatia, familia za waliouawa Kikambala hazijapata hukumu. Na kama hakuwa nayo, amepoteza zaidi ya miaka 17.