Acha bati lisikike

Ukitaja panki hapa Mbeya, wengi wanafikiria kichwa kilichonyolewa pembeni na kuachiwa nywele katikati. Mimi nazungumzia muziki ulioueneza mtindo huo, pamoja na mdogo wake mwenye hasira zaidi, hadikoo (hardcore). Nawaandikia vijana wanaopiga magitaa kwenye vyumba vya kupanga Soweto, Mwanjelwa na Uyole, ambao kila mara wananiuliza waende studio gani. Rekodini kwanza humo humo chumbani, wote kwa pamoja, na mkimaliza msiisafishe kazi yenu kupita kiasi.

Hili nimelijua kwa kupoteza hela. Tulikuwa wanne, tukachangishana miezi mitatu, tukaenda studio moja mjini. Prodyuza alituingiza mmoja mmoja, kila mtu akifuata mdundo wa kompyuta. Akafuta mkwaruzo wa nyuzi, akafuta pumzi za mwimbaji, kila pigo la ngoma akalisogeza mpaka likakaa sawasawa. Kazi ilitoka safi kabisa. Tuliisikiliza kwenye daladala tukirudi nyumbani na hakuna aliyesema neno. Wimbo uliokuwa ukitutoa jasho ulikuwa umepoa kama kiporo.

Nikarudi kwenye rekodi zilizonifanya niupende muziki huu, safari hii nikisikiliza chumba badala ya wimbo. Bad Brains, vijana weusi wa Washington, mwaka 1982 walitoa albamu yao ya kwanza kwenye kaseti tu. Nyimbo zinakimbia kama gari lililokatika breki kwenye mteremko, halafu ghafla inaingia rege, taratibu kabisa. Sauti ina tope. Lakini unasikia watu wanne waliosimama karibu karibu, kila mmoja akimsukuma mwenzake. Buzzcocks wa Manchester walikopa hela, wakatoa rekodi yao wenyewe Januari 1977, na kwenye jalada wakaandika kila wimbo ulichukuliwa katika jaribio la ngapi. Mmoja ulikuwa jaribio la tatu, mingine jaribio la kwanza. Hawakuficha kitu.

Ila nisieleweke vibaya: sauti chafu si ruhusa ya uvivu. Bendi za hadikoo zilifanya mazoezi mpaka mikono ikauma, ndiyo maana waliweza kupiga wimbo wa dakika moja bila kupotezana. Tyuni magitaa. Ujueni wimbo hata taa ikizimika. Mkwaruzo wa mtu anayejua anachofanya una utamu wake. Wa mtu asiyejua unachosha.

Sisi tulirudia nyimbo zile zile Machi, chumbani kwa mpiga besi. Godoro tuliliegemeza mlangoni, blanketi mbili tukazitundika dirishani. Tulirekodi kwa simu. Simu ikiwa karibu na ngoma, sauti inapasuka na gitaa linamezwa, kwa hiyo tuliiweka kona ya mbali, juu ya gunia la mchele, tukaifunika soksi nyepesi. Amplifaya tukaipandisha kwenye stuli isikoroge besi sakafuni. Mwimbaji hakuwa na maiki, akasimama hatua mbili mbele ya simu na kupiga kelele kuielekea. Tulipata nafasi ya mpiga ngoma kwa kumsogeza, kurekodi nusu dakika, kusikiliza, kisha kumsogeza tena. Hiyo ilikula saa nzima, na ndiyo saa muhimu kuliko zote, msiiharakishe.

Jaribio la kwanza lilikuwa la woga. La pili lilikuwa zuri. La tatu, kabla hatujafika kiitikio, mvua ikashuka juu ya bati. Nilimwona mpiga ngoma akiangalia juu, kisha akaanza kupiga kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na mwimbaji naye akapandisha mpaka sauti ikamkwama kwenye neno la mwisho. Nilikosea kodi moja ya gitaa hapo. Inasikika wazi.

Tukachagua hilo la tatu. Hatukuongeza kitu, tulikata tu ukimya wa mwanzoni. Tukarushiana kwa Bluetooth, na kwa marafiki waliotaka kitu cha kushika tukaweka wimbo kwenye flashi, kila moja ndani ya jalada la karatasi ya manila tulilolikata kwa mkasi na kuligundisha wenyewe. Nyuma tukaandika kwa kalamu: Soweto, Mbeya. Jaribio la tatu. Mvua.