Mashine ya Boti: Tuhesabu Miezi au Saa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni nahodha wa boti ya mbao ya dagaa hapa Kilwa Kivinje. Mwaka huu tumenunua mashine mpya ya nguvu ya farasi 15, ile ya kuchanganyia petroli na oili. Kitabu chake kinasema ihudumiwe kila baada ya saa 100 au miezi 6. Fundi wetu wa ufukweni anataka aifungue kila mwezi, kichwa na pistoni, kwa malipo. Mjomba wangu, ambaye amevua tangu sijazaliwa, anasema mashine isiyolalamika haiguswi. Nimsikilize nani? (Msomaji, Kilwa Kivinje)

JIBU: Marahaba, nahodha. Kisikilize kitabu, lakini ukisome vizuri, kwa sababu hapo palipoandikwa saa 100 au miezi 6 maana yake ni lile litakalotangulia. Mtu anayetembeza boti mwisho wa wiki kwa starehe hufikisha miezi 6 kabla hajazikaribia saa 100, na kwake kalenda ya ukutani inatosha. Wewe si mtu huyo. Tuseme mnatoka usiku 20 kwa mwezi, na kwenda, kurudi na kuhamahama kufuata dagaa kunaichukua mashine saa tatu na nusu kila usiku; hizo ni saa 70 kwa mwezi, na saa 100 zinatimia katika mwezi mmoja na nusu hivi. Ukingoja miezi 6 utakuwa umeiendesha zaidi ya saa 400 bila huduma, na kitabu hicho hicho unachokitegemea hakitakutetea. Mashine ndogo nyingi hazina kipimo cha saa, kwa hiyo weka daftari na uandike saa za kila usiku. Mimi sijaona chombo cha bei nafuu zaidi ya daftari katika kazi hii.

Uvuvi wa dagaa wa taa una mapumziko yake, kwani mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki na boti hubaki ufukweni. Siku hizo zifanye kuwa siku za huduma, kila mwezi, bila kungoja saa 100 zitimie, maana ukisubiri mbalamwezi ya pili utakuwa umefika saa 140. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Mwaga oili ya gia iliyo chini karibu na propela na uitazame kabla ya kuitupa. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi chanzo ni mshipi au uzi wa nyavu uliojizungusha kwenye shafti na kuikata sili, ile pete ya mpira inayozuia maji yasiingie. Kwa hiyo vua propela, ondoa nyuzi zote, paka shafti grisi, kisha ujaze oili mpya, ambayo kwa mashine yako haifiki nusu lita. Fungua plagi uzisafishe au uzibadilishe, safisha chujio la petroli, na utie grisi kwenye nipeli zote. Angalia pia vile vipande vya madini vilivyofungwa chini ya mashine ili viliwe na chumvi badala ya mwili wake. Vikiliwa kufikia nusu, vibadilishe, na usikubali mtu avipake rangi, kwani vikipakwa rangi havifanyi kazi tena.

Lakini kuna jambo lisilosubiri mwezi wala saa, nalo ni kuosha mashine kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mnaporudi. Chumvi hukauka ndani ya njia za maji ya kupoozea, hujijenga kidogo kidogo kama utando wa sufuria, mwishowe mashine huchemka katikati ya bahari na watu husema ilikuwa mbovu tangu dukani. Isimamishe kwenye pipa, maji yapite juu ya matundu ya kuingizia maji, iache iungurume taratibu bila gia kwa dakika kumi, kisha iache wima hadi maji yote yatoke. Yaonje kwanza maji ya kisima chako. Visima vingi vilivyo karibu na ufuo vina chumvi, na kuiosha mashine kwa maji hayo ni kujichosha bure. Usiiwashe nchi kavu hata kwa kujaribu tu, kwa kuwa impela, yaani kile kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji ndani ya pampu, ni ya mpira na bila maji huungua upesi.

Impela hiyo ndiyo ningeitilia mkazo zaidi kwa mtu wa Kilwa, kwa sababu mnapita kwenye mchanga na tope la mikoko, na mchanga huila mpira. Mimi ningeibadilisha mara mbili kwa mwaka, hata kama maji yanayorushwa na mashine bado yanaonekana ya nguvu. Yakipungua ghafla, chokoa kwanza tundu lake kwa waya mwembamba kabla ya kumwita mtu.

Kuhusu mchanganyiko, fuata kipimo cha kitabu chako. Kikisema 50 kwa 1, petroli lita 20 hutiwa oili mililita 400, iliyo na alama ya TC-W3 kwenye kopo, wala si oili ya gari. Wapo wanaoongeza oili wakidhani wanaifadhili mashine, kumbe wanaziba plagi kwa masizi. Na kusi likiwafungia ufukweni kwa wiki kadhaa, chomoa mpira wa petroli mashine ikiwa inaunguruma kwenye pipa hadi izime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu.

Sasa fundi wenu. Kichwa cha mashine mpya inayowaka kwa mvuto wa kwanza, isiyochemka na isiyopoteza nguvu, hakina sababu ya kufunguliwa kila mwezi. Kila kinapofunguliwa gasketi huhitaji kubadilishwa, na bolti zilizoshikwa na chumvi hukatikia ndani ya aluminiamu, nawe utalipia kuzitoa. Mjomba wako yuko sahihi kwa kichwa na pistoni. Kwa oili ya gia na impela amekosea, kwani hizo hazilalamiki mpaka ziharibike.

SWALI: Sisi tuko Ukerewe, maji ya ziwa hayana chumvi. Je, haya yote yanatuhusu? (Msomaji, Ukerewe)

JIBU: Kuosha kila siku si lazima kwenu. Lakini mchanga na magugu maji huziba matundu ya maji, basi yatazameni kila mnapofika ufukweni. Oili ya gia na nyuzi za nyavu ni shida ileile ya Kilwa. Vile vipande vya kuliwa vikiwa vya zinki havifanyi kazi vizuri katika maji baridi. Ulizeni vya magnesi au aluminiamu. Kama mashine yenu ina oili yake ndani, isiyochanganywa na petroli, imwageni baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100.